Kina Mwenyewe Ndani

Jua lilikuwa linazama nilipofika kwa muuza vyuma chakavu kutafuta kipuri kimoja tu: kisomaji cha vidole, kile kidude unachokigusa ili kompyuta ifunguke.

Laptop ya mteja wetu ni ya aina ile inayofunguka kwa bisibisi moja, kila kiungo kinachomoka na kupachikwa kingine. Mdogo wangu alikuwa ameiwekea Linux, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows. Sauti ilikubali, kamera ilikubali, intaneti ikakubali. Kisomaji peke yake ndicho kilichogoma siku mbili nzima.

Mzee wa vyuma akanitolea kingine kutoka kwenye mfuko wa nailoni. Pembeni kilikuwa na doa la kahawia.

"Hiki Linux inakitambua," alininong'oneza. "Ila kina mwenyewe ndani. Msimfute."

Nilicheka. Visomaji hivyo navijua. Alama ya kidole hukaa ndani ya kipuri chenyewe, si kwenye diski. Hata ukifuta kompyuta nzima, kidole cha mmiliki wa zamani kinabaki. Fundi anayejua kazi hukifuta. Nikaona mzee ananiletea porojo za kijiweni, nikakilipia, nikaenda zangu.

Mdogo wangu sikumwambia. Hilo ndilo linaloniua mpaka leo.

Karakana yetu ni chumba kimoja, meza mbili, dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Mdogo wangu tulimpa jina la Pengwini, yule ndege wa nembo ya Linux, kwa jinsi alivyoipenda. Ukimwambia haiwezi kitu, hali chakula. Alikipachika kisomaji, akawasha, akapiga meza kwa furaha.

"Dada, kimekubali! Bila hata neno! Halafu humu kuna kidole cha mtu. Kimoja. Nakifuta, eti?"

Nilikuwa nimeinama natafuta skrubu.

"Haya," nikasema.

Akabonyeza.

Harufu ilitangulia. Nywele zinazoungua... kisha damu mbichi. Taa haikuzimika. Heri ingezimika, nisingeona.

Kwetu kipuri hakimfikii mteja kabla fundi hajakijaribu kwa mkono wake mwenyewe. Pengwini akaweka kidole cha shahada. Skrini ikaandika: Gusa tena. Akagusa. Gusa tena. Akagusa... na mkono haukurudi.

"Dada... kinavuta."

"Acha utani wako."

"Dada!"

Kile kidude ni chembamba kama kadi ya simu. Kidole kilikuwa kimezama ndani yake mpaka kwenye kucha.

Ka-cha.

Mfupa ule niliusikia. Alipiga yowe, akajivuta, meza nzima ikamfuata. Nikang'oa betri. Skrini ikabaki inawaka.

Gusa tena.

Nikashika nyundo. Vitufe viliruka mpaka ukutani. Pigo la tatu, kitu nisichokiona kikanichapa mdomoni, nikaanguka nikitema jino langu. Nilipoinuka pingili ya pili ilikuwa imeshaingia, na ngozi ya kiganja inakunjika ikifuata.

"Kata," mdogo wangu alinong'ona. Jasho lilikuwa linamtiririka puani. "Kinataka mkono wote. Dada, kata!"

Nilichokuwa nacho ni koleo la kukatia nyaya. Halikutengenezwa kwa mfupa. Nilikata mara nne, naye hakufumba macho hata mara moja, alinitazama mimi. Mtoto niliyembeba mgongoni. Damu ilinirukia usoni, nikaendelea.

Akaanguka chali. Skrini ikaandika: Kidole kimesajiliwa. Ikazima.

Niliivunjavunja ile mashine mpaka skrubu ya mwisho. Kidole hakikuwamo.

Mchana uliofuata nikampigia mzee wa vyuma.

"Mlimfuta," alisema, kabla sijamaliza salamu. "Mwenye kipuri kile alikuwa akinyonga watu. Wa mwisho alimng'ata kidole, kikatoka, na mnyongaji akafa kwa kidonda hicho. Mengine sijui, na usinipigie tena."

Nikarudi wodini, alikolazwa mdogo wangu usiku ule. Pengwini alikuwa ameegemea mto, bandeji imemjaa mkononi. Nilimwomba msamaha nikilia kama mtoto. Nikamwambia yote niliyomficha. Akanipapasa kichwa kwa mkono mzima, akasema yamepita.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Hapana. Ila... kile kidole bado nakisikia. Kuna kitu kinagusa."

Wauguzi walikuwa wameshanieleza kwamba aliyekatwa kiungo hukisikia bado. Nikajitahidi kutabasamu.

"Kinagusa nini?"

Akafumba macho, akafikiri.

"Ngozi ya mtu. Ina joto." Akainamisha kichwa kama anayesikiliza. "Ni shingo, dada. Nasikia mshipa unapiga... taratibu."

Moyo wangu ukaruka.

"Ee," alisema mdogo wangu. "Sasa unakwenda mbio."