Kichupa cha Mafuta na Mashine Namba Tisa

Cherehani ya Mama Sindano ilikuwa kuukuu, lakini haikuwahi kulala njaa. Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, fundi huyu alifuta vumbi, akaokota vipande vya nyuzi, akachukua kichupa chake cha mafuta. Tone moja hapa, tone moja pale. Kisha akakanyaga pedali, na cherehani ikaimba.

"Mashine ni kama mtoto," alipenda kusema. "Ikikwama, usiipigie kelele. Ipe mafuta."

Binti yake alilisikia neno hilo tangu anatambaa. Mtaa mzima ulimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ukali wa akili yake. Sasa alikuwa sekondari, na mwaka huo alichaguliwa kuingia darasa la kompyuta. Kompyuta zilikuwa ishirini tu, na walioomba walipita mia. Basi jamani, mama mtu alitamba! Mteja akija kupimwa sketi, kabla utepe haujamzunguka kiuno, ameshaambiwa: "Mwanangu anasoma kompyuta."

Siku ya kwanza Sindano alirudi na karatasi.

"Mama, tia sahihi hapa chini. Ni kanuni za darasa. Mwalimu anasema tuzisome pamoja, mimi na wewe."

Mama alikuwa amejifunza kusoma miaka miwili tu iliyopita, katika darasa la watu wazima. Alisoma polepole, kwa kidole. Na siku hiyo wateja watatu walikuwa wanasubiri kwenye benchi. Aliiangalia karatasi, imejaa mistari juu hadi chini. Akaona haya kusoma kwa kidole mbele za watu. Akashika kalamu, akaandika jina lake kwa mwandiko mzuri, herufi zimesimama wima.

"Umesoma, mama?"

"Wewe je?"

"Nimepitisha macho."

"Basi macho yako yanatosha."

Haya. Haraka haraka haina baraka. Methali hiyo sote tunaijua, ila huwa tunaikumbuka tukishaumia.

Wiki tatu zilipita vizuri. Sindano alikaa kwenye mashine namba tisa. Alijifunza kuandika barua, kuihifadhi, na kuipata tena kesho yake. Kisha Jumatatu moja kitufe kimoja cha kibodi kikaanza kukwama. Ukikibonyeza kinazama, hakirudi. Sindano hakumwambia mtu. Yeye, mtoto wa fundi, amsumbue mwalimu kwa kitufe kimoja? Kesho yake alikwenda shule na kichupa cha mama mfukoni. Tone moja hapa, tone moja pale. Akaongeza na la tatu, la kumalizia.

Alhamisi kibodi nzima ilikufa. Mwalimu wa kompyuta aliigeuza, akainusa, akasimama mbele ya darasa.

"Nani ametia mafuta hapa?"

Wanafunzi wakatazamana.

"Aliyefanya hivi aje kwangu kesho na mzazi wake. Asipojitokeza, chumba hiki nitakifunga kwa darasa zima."

Sindano aliinamia daftari lake. Alijiona anafukuzwa darasani. Alimwona na mama yake akizimeza sifa zote alizozimwaga mtaani.

Jioni hiyo mama alikuwa anamalizia pindo la gauni. Akakiinua kichupa chake kwenye mwanga.

"Mafuta yangu yameshuka. Cherehani imejinywesha yenyewe?"

Sindano akaangua kilio. Akasema yote.

Mama alitaka kufoka. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini neno lililomjia lilikuwa lake mwenyewe: ikikwama, ipe mafuta. Akakaa kwenye kiti chake.

"Iko wapi ile karatasi?"

Nakala yao ilikuwa ndani ya daftari, na mikunjo yake ileile. Wakaichukua, wakaenda nyumba ya pili kwa jirani yao, karani wa hospitali. Yeye hushinda kwenye kompyuta kutwa nzima, akiandikisha wagonjwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho mekundu?"

Wakamweleza. Karani akaziba mdomo kwa kiganja, lakini kicheko kikamponyoka.

"Mafuta ya cherehani! Jamani! Nisamehe, jirani. Hebu nipe hiyo karatasi."

Mama akaivuta kwake. "Hapana. Nitasoma mimi. Sahihi ni yangu."

Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. "Mwa-na-fu-nzi ataingia na mikono safi. Hataleta chakula wala kinywaji." Akainua macho. "Hii naijua. Kwangu nani anathubutu kunywa chai juu ya gauni la bibi harusi?"

"Umeona?" akasema karani. "Endelea."

"Hatamwambia mtu yeyote neno lake la siri. Hata rafiki."

"Huo ndio ufunguo wa kazi zako," karani akamwambia Sindano. "Mtu akiujua, anaingia kwa jina lako. Akiharibu, lawama ni yako. Pale kazini hata mkubwa wangu halijui neno langu."

"Kama daftari langu la vipimo," mama akasema. "Kiuno cha mteja ni siri yangu na yake!"

Hapo hata Sindano alicheka, machozi bado shavuni. Wakaendelea. Kazi ihifadhiwe kila baada ya dakika chache, umeme usije ukakatika ukaondoka nayo. Kila mtu afanye kazi yake, asinakili ya mwenzake. Mashine izimwe kwa utaratibu, si kuchomoa waya tu. Kidole cha mama kikafika kanuni ya sita, kikasimama.

"Mashine ikiwa na hi-ti-la-fu, mwanafunzi asijaribu kuitengeneza. Anyooshe mkono, amwambie mwalimu papo hapo."

"Kumbe ilikuwa hapa siku zote," Sindano akanong'ona.

"Sikiliza, mwanangu," akasema karani. "Cherehani ni chuma kinasugua chuma, lazima inywe mafuta. Kibodi ndani ina vijia vyembamba vya umeme. Mafuta yakiingia, vumbi linaganda na vitufe vinanata. Kila mashine ina dawa yake. Mimi nina miaka kumi na tano kazini, na kompyuta yangu ikikwama namwita fundi wake. Kuuliza si ujinga."

"Lakini kesho nikisema, nitafukuzwa."

Mama akaikunja karatasi taratibu. "Nguo ikikosewa, fundi hodari anafumua, anashona upya. Anayeficha kosa kwa pasi si fundi. Kesho tunakwenda."

Asubuhi mama hakufungua kibanda. Ofisini kwa mwalimu, Sindano alisimama wima.

"Mwalimu, ni mimi. Kanuni sikuzisoma. Nilidhani naitengeneza."

"Na mimi nilitia sahihi bila kusoma," mama akasema. "Tumekosa wawili."

Mwalimu alimgeukia mama. "Wazazi huja hapa kunigombeza," akasema. "Wewe ni wa kwanza kuniambia hivyo. Sindano, kanuni ni kanuni. Wiki mbili hutagusa mashine. Utakaa nyuma, utaandika somo kwa kalamu. Lakini darasani unabaki."

Mama alitoka ofisini kifua mbele. Alikuwa amesikia mengi mazuri juu ya mwanawe, lakini hilo la kusimama na kusema "ni mimi" lilimpendeza kuliko kompyuta zote ishirini.

Sindano alimaliza wiki zake mbili bila kununa. Aliporudi, namba tisa ilikuwa na kibodi nyingine. Siku chache baadaye, kabla hajaiwasha, alisikia harufu ya kuungua karibu na plagi. Mkono ukataka kwenda kushika. Akaurudisha. Akaunyoosha juu.

"Mwalimu! Hapa pananuka!"

Mwalimu alikimbia, akazima umeme wa chumba kizima. Fundi wa umeme alipofungua, akakuta waya umechunika. "Angeshika tu, ungemrusha," akasema. Tangu siku hiyo Sindano ndiye msimamizi wa mashine. Na mama yake, kwa vitambaa vilivyobaki kibandani, alishona vifuniko ishirini vya kuzuia vumbi.

Mwaka uliofuata wazazi waliitwa shuleni kutia sahihi kanuni za darasa. Foleni ilikuwa ndefu. Mama Sindano alipofika mezani, alipewa kalamu. Akaiweka chini.

"Subiri kidogo, mwalimu. Nasoma kwanza."

Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, mbele za watu wote.

"Mama, tutalala hapa!" akalalamika mzazi mmoja nyuma yake.

"Lala, baba. Nikimaliza nitakuamsha."

Watu wakacheka. Kidole kikashuka mstari kwa mstari, bila haraka, bila haya. Kikapita kanuni zote kumi. Chini kabisa palikuwa na moja ambayo mwaka uliopita haikuwepo. Mama akaisoma kwa sauti:

"Kanuni ya kumi na moja. Mafuta ya cherehani yabaki kwenye cherehani."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akawageukia wote waliokuwa kwenye foleni, karatasi ameiinua juu.

"Mnaiona hii? Hii imetoka kwetu!"

Ndipo akashika kalamu, akaandika jina lake, herufi zimesimama wima.