Upande wa Kushoto wa Benchi

Treni ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa imeingia, na stesheni ya Kigoma haikuwa na pa kutia mguu. Wapagazi wanagombea mizigo, bodaboda wanagombea abiria, mama mmoja anamwita mwanawe kwa majina yote matatu. Edina, fundi cherehani wa Gungu, alikuja kupokea robota lake la vitenge, akakuta kiatu cha mwanaume kimelikanyaga. Mwenye kiatu hana habari. Macho yako kitabuni.

"Mwakeye, kaka," alimsalimu kwa Kiha. "Hicho ulichokanyaga ni mtaji wangu."

Kijana akaruka. "Samahani dada! Dunga wamemfungia kwenye pipa, na maji yanajaa."

Edina akachungulia jalada. *Kachero Dunga*, kitabu cha sita. "Usihofu, atatoka. Viko kumi na vinne."

"Umeniharibia kitabu!"

"Na wewe umenichafulia kitenge. Ngoma droo."

Ndivyo Polycarp, mpima ardhi aliyehamishiwa Kigoma kutoka Songea, alivyopokewa mjini. Wiki haikuisha, Edina akampeleka benchini.

Benchi lenyewe liko mtaa wa Mwanga, mbele ya kibanda cha Restituta cha kukodisha riwaya, na lina sheria zake. Anayekaa upande wa kushoto lazima akiponde kitabu. Wa kulia lazima akitetee, hata kama moyoni anaona vingine. Anayevunja sheria anawanunulia wote kahawa. Restituta huurekodi ubishi kwa simu na kuutuma kwenye kundi la wasomaji, ili wasiofika wasikose uhondo.

"Hadithi hii ingeishia kitabu cha saba!" Gervasi, dereva wa bajaji, alifoka siku ile kutoka kushoto. "Nimeanza kumsoma Dunga nikiwa darasa la sita, ana miaka thelathini na mitano. Leo nina mvi, yeye bado thelathini na mitano. Anakula nini?"

"Migebuka ya ziwa letu," Edina akajibu kutoka kulia. "Wewe ungeacha chipsi tungekuona kijana."

Kulia ndiko kulikokuwa kwake. Hata waliosikiliza kwenye simu tu walijua: huyo ni wakili wa Dunga, na zaidi ni wakili wa Salome, mchumba anayemngoja Dunga bandarini tangu kitabu cha kwanza. Polycarp alimtazama akibishana, mikono inaruka, hereni zinacheza, akasahau Dunga yuko kwenye pipa gani.

Wakapendana. Jumapili walishuka Kibirizi kula samaki, miguu ndani ya maji ya ziwa. Kazi ikimpandisha Polycarp Kalinzi kupima mashamba, simu hazikukatika.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula, ila chumvi yangu iko Kalinzi."

"Inarudi Jumamosi. Usiazime kwa jirani."

Alhamisi moja Edina alichelewa benchini kwa sababu ya gauni la bibi harusi. Alipofika, Gervasi alikuwa amekalia nafasi yake, anacheka. Imebaki kushoto tu. Edina akakaa, na Edina hafanyi kitu nusu.

"Salome? Salome ni mjinga! Mwanamke mwenye akili hamngoji mwanaume wa kuhamahama. Mimi nisingemngoja hata wiki!"

Benchi zima likapasuka kwa kicheko. Restituta akatuma.

Kesho yake Polycarp alipiga simu kutoka Kalinzi. Sauti ilikuwa kavu kidogo.

"Nimesikia rekodi. Ulisema vizuri."

Edina akavimba kichwa. Kumbe kushoto nako anaweza! "Nilisema kutoka moyoni, mpenzi!"

Polycarp akageuza mazungumzo: "Nimehamishiwa Mtwara. Miaka miwili."

Edina alisubiri neno moja tu. *Ningoje.* Angeambiwa hivyo, angengoja hadi ziwa likauke. Neno halikuja, na yeye, kwa maringo yake, akatania: "Haya, utatuletea korosho."

Siku ya kuondoka Polycarp, Edina alivaa gauni alilolishona kutoka kwenye kile kitenge cha stesheni. Doa la kiatu halikuwa limetoka, akalificha kwenye pindo. Polycarp alilisifia gauni. Akapanda treni. Mwezi uliofuata akajitoa kwenye kundi.

Miaka ikapita, zaidi ya miwili. Kitabu cha kumi na tano kikatoka. Asubuhi moja simu ikaita, namba ngeni.

"Mwakeye," ikasema sauti, kwa Kiha kilichopinda cha mtu wa Songea.

Edina akatoa mguu kwenye cherehani. "Mpima."

"Cha kumi na tano umekisoma?"

"Nimekimaliza. Salome kaolewa na nahodha."

"Mwandishi ametuonea, Edina. Dunga alikuwa njiani anarudi."

"Angesema basi! Vitabu vyote hivyo hajawahi kumwambia 'ningoje'. Alitaka Salome aote?"

Polycarp akavuta pumzi. "Labda alidhani jibu analijua. Kama mimi. Nilikuwa Kalinzi, habari za uhamisho zimenifikia, nataka nikupigie nikuombe uningoje. Nikafungua rekodi kwanza. Nikakusikia ukisema usingengoja hata wiki. Nikakugusia, ukasema umetoa moyoni."

Mkasi ukamtoka Edina mkononi.

"Polycarp, nilikuwa nimekaa kushoto."

"Wewe? Wewe unakaa kulia siku zote."

"Gervasi alikuwa amekalia nafasi yangu."

Rekodi huleta sauti. Haikuonyeshi mtu amekaa wapi.

"Na ulingoja?" Polycarp akauliza, taratibu.

"Bila kuombwa."

Nyuma ya Polycarp sauti ya mwanamke ikaita, laini, isiyo na kosa lolote: "Baba Agnesi, maji yako ya kuoga yanapoa."

Edina alifumba macho. "Nenda, kaka," akasema. "Maji yanapoa."

Jioni alikwenda Mwanga amevaa gauni lile lile la kitenge. Nafasi ya kulia ilikuwa wazi. Akaipita, akaenda kukaa kushoto. Restituta akainua simu.

"Haya, wakili, leo umejipeleka mwenyewe. Mponde Salome."

"Salome hakuwa mjinga," Edina akasema. "Dunga alistahili kungojwa. Kosa lake ni moja tu: alitania pale alipotakiwa kuuliza."

"Sheria!" Gervasi akapiga kelele. "Umekaa kushoto unatetea! Kahawa!"

"Najua nimekaa wapi," Edina akajibu, akamwita muuza kahawa awamiminie wote.