Gurudumu la Nyuma Kushoto

Mume wangu ni fundi wa breki. Karakana yake iko hapa hapa uani kwetu: banda la bati, jeki mbili, na kelele nilizozizoea kiasi kwamba zikikoma ndipo ninaposhtuka. Watu wanamwita Taratibu kwa sababu hajawahi kuwa na haraka. Mimi pia namwita hivyo, hasa ninapomtuma dukani.

Jumanne asubuhi alikuja muuguzi mmoja na gari la miezi minane tu, viti vyake bado vina nailoni. Alikuwa amechoka, ule uchovu wa mtu kuanza salamu akasahau kuimalizia. Mumewe alifariki miezi miwili nyuma, akamwachia binti wa miaka sita. Jumatatu iliyofuata alitakiwa kuripoti kazini katika mji mwingine, mbali. Asiporipoti, nafasi inapewa mtu mwingine.

"Gari linavutwa, fundi," alisema. "Nikitoka nyumbani linakuwa zito, linanuka kuungua. Nikirudi ni jepesi. Nilikonunua wameliangalia mara mbili, wanasema ni zima."

Mume wangu ana njia yake ya kupima. Huendesha kidogo bila kugusa breki, akarudi, kisha akapitisha mgongo wa kiganja karibu na kila gurudumu. Lenye joto ndilo lenye kesi. Siku ile alikwenda akarudi, na yote manne yalikuwa ya baridi. Ndipo akamwambia muuguzi aendeshe mwenyewe, binti yake akae nyuma, yeye akae pembeni. Kabla hawajafika barabara kuu gari lilianza kusuasua. Waligeuza, likawa jepesi. Walipoingia uani, gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa linafuka moshi.

Mume wangu alilipandisha gari kwa jeki. Gurudumu likazunguka kwa kusukumwa na kidole kimoja. Pedi zilikuwa nene, grisi ipo, mafuta safi kabisa. Breki isiyo na ugonjwa. Lakini alipolivua, upande wa ndani wa rimu, kwenye vumbi jeusi la breki, kulikuwa na alama ya kiganja. Cha mtu mzima. Gurudumu likiwa limefungwa, mkono hauingii pale. Nilikuwa nimewaletea chai, kwa hiyo sikusimuliwa, niliiona.

Muuguzi aliitazama alama ile, wala hakushtuka. Alijiketisha kwenye tairi kuukuu.

"Siku yake ya mwisho mume wangu alinishika mkono, akasema nisiende," alinong'ona, binti asisikie. "Nilikuwa sijalala siku tatu. Nikamwambia naenda kuoga tu, narudi." Akautazama mkono wake. "Niliuchomoa mkono wangu, fundi. Kwa nguvu."

Sasa, mume wangu huongea na vyuma. Nati ikigoma huibembeleza: achia mwenzio, njoo kwangu. Miaka kumi na tisa nimemcheka kwa hilo, na nati nyingi zimemsikia. Mchana ule mgongo ulikuwa unamuuma, jasho linamtiririka, na kibano cha breki kilikuwa kimeng'ang'ania diski ya gurudumu kama kimechomelewa. Dakika tano kabla kilikuwa kimelegea. Akaweka spana chini. Akainama karibu nacho.

"Mwachie mwenzio aende," alisema taratibu. "Njoo kwangu."

Kibano kikaachia. Hakuwa amekigusa.

Alhamisi muuguzi aliondoka na binti yake. Jioni alipiga simu: wamefika salama, gari jepesi, mtoto amelala njia nzima kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alishukuru hadi nikaona aibu. Sikumwambia kwamba mume wangu alikuwa amekaa kizingitini, ameshika mguu.

Ulikuwa mguu wa kushoto. Akielekea getini unakuwa mzito, anauburuta. Akigeuka kurudi ndani, anatembea kama kawaida. Nilimvua soksi. Kifundo kilikuwa cha moto, na kina alama: nne upande mmoja, moja upande wa pili.

"Usiniangalie hivyo," aliniambia. "Gari jipya lilikwama, sembuse mguu wa mzee kama mimi?"

Sikucheka. Niliogopa, na nilimkasirikia pia, yeye na huo mdomo wake wa kubembeleza kila kitu. Ijumaa asubuhi nilifagia mchirizi wa mguu wake uani. Jumamosi nikaufagia tena. Mchirizi wa pili ulikuwa na kina zaidi kuliko wa kwanza.

Jumapili homa ilimlaza. Majirani wanne walimbeba kwa blanketi hadi kwenye gari lao lililosimama nje. Ni mtu mwembamba, lakini katikati ya uani walimtua mara mbili kwenye benchi kupumzika. Walipovuka geti akawa mwepesi ghafla, mmoja wao nusura aanguke. Hospitali daktari hakuona kitu. Kufikia alasiri homa ilikuwa imeshuka na alama zimefutika. Alitembea ukumbi mzima bila kuchechemea, akawatania manesi. Wakasema kesho ataruhusiwa. Nilirudi nyumbani kumchukulia nguo safi, na njiani nililia kwa furaha.

Nilifungua geti nikasimama.

Uani kulikuwa na michirizi miwili. Mmoja ulitoka mlangoni hadi getini. Miguu ya mume wangu haikuwa imegusa ardhi siku ile. Wa pili ulirudi. Ulifika mlangoni. Juu ya sakafu ukawa mstari mwembamba wa udongo. Ukapita sebuleni. Ukaingia chumbani. Haukwenda upande wake wa kitanda.

Simu ikalia.

"Umeshapanga nguo?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa nzima, ya zamani.

"Bado. Mume wangu, kaa huko kwanza."

"Kwani kuna nini?"

"Hakuna. Nimechoka tu."

"Basi lala, mama. Kesho narudi."

"Usirudi," nilinong'ona. "Nenda kwa dada yako. Nguo nitakutumia."

Alikuwa bado anauliza nilipokata simu. Upande wangu wa kitanda, shuka niliyoitandika asubuhi ilikuwa imebonyea, na ilikuwa bado ina joto.