Mkate Kwenye Msumari

Alfajiri Nozima alikuwa ameshakunja mikono ya gauni na kuinamia tanuri, akipuliza kuni hadi machozi yakamtoka. Mama yake, Oydin, alilowesha donge la unga kwa maji, akaingiza mkono kwenye joto na kulibandika ukutani mwa tanuri, kisha akautoa mkono upesi. Kukanda unga jioni na kuwasha moto asubuhi ilikuwa kazi ya Nozima. Kazi nyingine zote zilikuwa za mama.

Nyumba yao ilipokea wageni. Baba alipofariki, mama alipaka chokaa vyumba viwili vya mbele, akashona magodoro mapya na kungoja. Watu wakaanza kuja kijijini Tolzor kutazama mawe ambayo juu yake watu wa kale walichora mbuzi wa milimani, na kupanda hadi kwenye ngome iliyobomoka. Walilala, wakaamka, wakala mkate wa moto kwa siagi na jamu ya forsadi, wakaenda zao.

"Mgeni atasahau mawe yetu," mama alizoea kusema, "lakini mkate wa nyumba hii hatausahau."

Katika chumba cha kulia, juu ya mlango, palikuwa na mkate mwingine usioliwa. Ulining'inia kwenye msumari, umefungwa kitambaa cheupe kilichoacha upande mmoja wazi, na upande huo ulikuwa umemegwa kwa meno. Eldor, kaka yake Nozima, ndiye aliyeumega asubuhi aliyoondoka kwenda Urusi kujenga majumba. Ndiyo desturi ya huko: msafiri hung'ata mkate, na unaobaki humngoja mpaka arudi aumalize. Kila Ijumaa mama aliushusha, akaufuta vumbi kwa kiganja, akaunong'oneza neno na kuurudisha. Wageni walipouliza habari zake, uso wa mama ulinawiri, na chai ikapoa wakimsikiliza.

Eldor alipopiga simu, Nozima hakumwacha salama.

"Haya, Kaka Pengo! Huko Urusi hawana meno ya kuuza?"

"Wanayo, lakini bei yake ni sawa na ya ulimi wako," Eldor alijibu, akicheka. Jino lake la mbele alilivunja utotoni akipasua kokwa ya aprikoti, ingawa mama alishamkataza.

Siku moja, mwanzoni mwa kiangazi, mama aliitwa kwa dada yake aliyejifungua bonde la pili. Wakati huo walikuwa na wageni wawili, Bi Danuta na mumewe, wazee kutoka Polandi waliojua Kirusi kidogo, kama Nozima alivyokijua kidogo kwa kukisoma shuleni.

"Nitarudi kesho mchana," mama alisema akifunga kilemba. "Chakula cha jioni kiko tayari. Wewe kanda unga tu, mwanangu. Usinitie aibu."

"Mama, mimi mtoto?"

"Ndiyo, wewe ni mtoto. Kanda unga."

Jioni rafiki yake Sevara, binti wa jirani, alimwita kwenye ukuta wa ua. Simu yake ilikuwa na mchezo wa kuigiza ambao wasichana wote wa darasani waliuzungumzia, na leo bibi harusi angegundua siri ya mumewe. "Sehemu moja tu," Nozima alisema. Sehemu moja ikazaa ya pili, ya pili ikazaa ya tatu. Aliporudi nyumbani macho yalikuwa mazito, akapita mbele ya beseni la unga na kwenda kujitupa kitandani.

Asubuhi aliamshwa na sauti ya wageni wakinawa uani. Alikimbilia beseni. Lilikuwa kavu. Mkate wa jana ulikuwa umeliwa wote. Maji yalikuwa yamezidi unga, na hata huo unga wenyewe ulikuwa haujakandwa.

Kuliko kuweka meza bila mkate mbele ya mgeni, huko Tolzor ni afadhali kumfungia mlango. Angeweza kuazima kwa jirani, lakini jirani alikuwa mama yake Sevara, na jambo likiingia sikio la mama huyo, huwa limeshafika msikitini na kisimani kabla chai haijachemka. Nozima akasimama katikati ya chumba cha kulia. Akainua macho, akauona msumari.

Alijua anachofanya. Baadaye alijaribu kujidanganya kwamba hakujua, ikashindikana. Alipanda kiti, akaushusha mkate wa kaka yake, akaenda nao jikoni.

Ulikuwa mkavu kama kigae, lakini mkavu ndio hasa unaofaa kwa shirchoy. Alichemsha chai nzito, akamimina maziwa, akatia chumvi na kuacha vichemke pamoja. Akauvunjavunja mkate kwenye bakuli mbili, akamwagia ile chai, akaweka donge la siagi juu na kufunika mpaka ulipolainika. Alipomaliza, kipande chenye alama ya meno kilikuwa kimezama pamoja na vingine.

Bi Danuta alikula, akakwangua bakuli.

"Sijawahi kula kitu kitamu hivi asubuhi," alisema. "Niambie unavyokipika, nikampikie mjukuu wangu."

Nozima akamweleza: chai, maziwa, chumvi, siagi, mkate uliokauka.

"Uliokauka kwa muda gani?"

"Mrefu kidogo," Nozima alisema.

Ndipo bibi yule alipotazama juu ya mlango. "Na mkate wa kaka yako uko wapi leo?"

"Mama ameuweka ndani. Anataka kuubadilishia kitambaa."

Uongo huo ulitoka laini, hata yeye mwenyewe akaogopa.

Wageni walipokwenda kwenye mawe, alikanda unga mbio mbio, akaoka, akachagua mkate mmoja wenye ukubwa uleule. Akaung'ata. Akaupeleka kwenye joto la tanuri ukauke, kisha akaupandisha juu ya paa juani. Kabla mama hajatokea barabarani, mkate ulikuwa msumarini, ndani ya kitambaa kilekile.

Ijumaa mama aliushusha kama kawaida. Nozima alikuwa akifagia, akaacha kupumua. Mama aliupitisha kiganja. Alisimama hapo muda mrefu, mgongo ukimwelekea binti yake. Halafu akaurudisha.

"Nozima," alisema bila kugeuka, "una neno lolote?"

"Neno gani, mama?"

"Sijui. Nimeuliza tu."

Tangu siku hiyo mama hakuwasimulia tena wageni. Wakiuliza, alisema, "Ni mkate tu," akaendelea kumimina chai. Nozima aliona, akajikausha. Kisha simu za Eldor zikakatika. Ikapita wiki, ikapita nyingine, mwezi ukaisha. Mama alianza kukonda, na kila simu ilipolia aliitazama kwanza kabla ya kuigusa. Nozima aliamini kwamba yeye ndiye aliyemvunjavunja kaka yake na kuwapakulia wageni kwenye bakuli. Kila asubuhi aliapa kusema, na kila jioni alilala na siri yake.

Lakini Eldor alikuwa hai. Alivunjika mguu kazini, simu ikapotea, akaona aibu kuwatia wasiwasi. Alirudi zabibu zilipoiva, akichechemea, begi moja mgongoni. Mama alimkumbatia, akalia hadi kilemba kikaanguka. Majirani wakajaa. Kitambaa cha chakula kikatandikwa chini ya mizabibu, pakawa na nyama, matikiti, zabibu na mikate ya moto. Mama yake Sevara alikaa pale ambapo angeona kila kitu.

"Nozima," mama aliita. "Leta mkate wa kaka yako."

Alimtazama binti yake machoni aliposema hivyo, na hakuyaondoa macho upesi.

Nozima alikwenda. Aliuleta kwa mikono miwili. Eldor aliupokea, akaubusu, akaupandisha kwenye paji la uso, akaufungua.

"Mnajua," aliwaambia majirani, "tulilala watu wanane kwenye kontena la chuma. Wenzangu wengine walikata tamaa, wakaoa huko, wakawasahau mama zao. Mimi nilijisemea, hapana. Mkate wangu uko msumarini, unanin..."

Aliugeuza mkate, akapitisha kidole pale palipong'atwa. Alama ya pengo lake, kijiti cha mkate kinachobaki katikati bila kukatwa, haikuwepo. Yalikuwa meno madogo, yaliyopangika vizuri.

"Usile!" Nozima alipiga kelele. "Kaka, usile, si wako! Wako niliwapa wageni. Sikukanda unga, nikauweka kwenye shirchoy. Huu nimeung'ata mimi."

Hata mama yake Sevara alifumba mdomo, jambo ambalo halijapata kutokea.

Eldor aliuweka mkate chini polepole. "Kumbe miezi yote hii," alisema, "nilikuwa nangojwa na meno yako."

Ingekuwa heri angempiga. Alichukua mkate wa moto uliokuwa karibu, akaumega, akala kama mgeni yeyote aliyepita njia. Nozima akamgeukia mama.

"Nisamehe, mama. Nilitaka kukuambia."

"Nilijua tangu Ijumaa ile," mama alisema. "Mimi ndiye niliyewaotesha meno nyote wawili, nitashindwa kuyatofautisha? Nilikuuliza, ukanijibu, 'Neno gani, mama?' Nikangoja. Kaka yako alipopotea nilihitaji mtu wa kulia naye, na aliyekuwepo ndani ya nyumba alikuwa ananidanganya. Uvivu wa jioni moja ningeusamehe kabla chai haijapoa. Huo mwezi niliokaa peke yangu, huo ndio ulionichoma."

Nozima alilia, na hakuna aliyemkataza.

"Mkate hautupwi," mama aliendelea. "Basi huu utarudi pale pale ulipouweka. Ukweli ukicheleweshwa, mwanangu, haupotei. Unakauka tu, na kuutafuna kunakuwa kugumu zaidi."

Majira ya kuchipua yalipofika na mguu ukapona, Eldor aliondoka tena. Walishaanza kutaniana, ingawa si kama zamani. Alfajiri ya safari aling'ata mkate mpya, pengo likaacha kijiti chake katikati. Nozima alinyoosha mikono kuupokea. Mama akaupitisha juu ya mikono hiyo, akauweka ndani ya sanduku lake, akafunga na kutia ufunguo mfukoni.

Wageni wa kwanza wa mwaka walikuwa mume na mke waliotaka kuona mawe ya mbuzi. Nozima alikuwa amekanda unga tangu jioni, na mkate ulitoka tanurini ukinukia. Yule mwanamke aliinua macho juu ya mlango.

"Na ule mkate uliong'atwa ni wa nani?"

Mama aliendelea kumimina chai.

"Muulize binti yangu," alisema. "Ni wake."

Nozima aliweka sahani chini, akafuta mikono kwenye aproni. "Kaka yangu alikuwa safarini," alianza, "na siku moja mama aliniachia nyumba."

"Na ile ya shirchoy," mama alisema taratibu, "usiiruke."