Karanga ya Saba

Kikao cha nne kilianza kukiwa na karanga saba kibuyuni na watu sita vitini, na aliyelijua hilo ni mmoja tu, yule aliyezihesabu.

Hapa Mbelaan watu hawahesabiwi. Ukimnyooshea mtu kidole ukasema moja, mbili, tatu, umewaonyesha wasioonekana pa kuchukua. Kwa hiyo diwani akiingia ukumbini anatumbukiza karanga moja yenye ganda lake katika kibuyu kilicho mezani kwa katibu, na katibu anahesabu karanga. Madiwani wetu ni kumi na watatu. Karanga zikifika saba akidi imetimia, zisipofika kila mtu anarudi kwake. Na tangu mvua ziishe zilikuwa hazijafika hata mara moja, kwa sababu watatu wa waheshimiwa wetu wanaishi Dakar, mmoja yuko Italia na bado anaitwa diwani wa kata ya sokoni, wawili wako mashambani, na Demba Sall alivunjwa mguu na farasi wa mkokoteni akalazwa Kaolack. Ndivyo tunavyotawaliwa, na ukilalamika unaambiwa leta hoja barazani.

Katibu, Ngoné Thiam, alikuwa na hoja moja iliyomkaa rohoni: pampu ya kisima cha zahanati. Ilikufa miezi mitatu nyuma. Mafundi walikuwa tayari, mabomba yalikuwa tayari, kilichokosekana ni baraza kuinua mikono na Meya kutia sahihi. Na binti yake Soda, mtoto wake wa pekee, alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Mimi nakwambia waziwazi," mkunga Astou Mané alimwambia asubuhi ile, amesimama mlangoni mwa zahanati na ndoo tupu mkononi. "Wawili wa mwisho nimewazalisha kwa maji ya kuomba kwa jirani. Wote walipata homa. Mmoja tumemzika. Usiniletee Soda hapa bila maji, Mama Ngoné. Nakuomba."

Basi siku ile walikaa toka saa nne wakimsubiri mtu wa saba. Ikafika saa sita kamili, saa ambayo kwetu hata mbuzi hawakatizi njia panda, maana jua likiwa utosini ndipo wale wengine wanapotembea. Meya Waly Faye akaanza kukunja miwani yake. Ngoné akaona wiki nyingine inakwenda hivihivi, akaona tumbo la Soda, akapandwa na hasira mpaka macho yakamwasha. Mkobani mwake mlikuwa na karanga zilizobaki kwenye kifungua kinywa. Akatoa moja, akaiachia kibuyuni.

"Saba," alisema. "Tumetimia, Mheshimiwa."

Meya hakuinua hata kichwa. Mtu akiambiwa anachokitaka hahakiki. Akaisoma hoja ya pampu, akauliza nani anaunga mkono, mikono ikapanda. Ndipo kutoka kwenye kiti cha plastiki kilicho karibu na dirisha sauti kavu, ya mtu asiye na haraka, ikasema:

"Iahirishwe."

Sasa, baraza letu lina adabu moja iliyoachwa na wazee: diwani akiomba hoja iahirishwe, haulizwi sababu. Huenda ana msiba, huenda ana haya, apewe muda. Meya akagonga meza. "Imeahirishwa," akasema, na watu wakatoka kwenda kula, kila mmoja akidhani aliyesema ni mwenzake. Ngoné alibaki na kalamu hewani, hajui aandike jina gani kwenye muhtasari. Ukumbi ulinuka karanga zilizoungua.

Wiki iliyofuata hakutupia kitu. Naapa hakutupia. Aliketi na kibuyu mbele yake, akasikiliza kila karanga ikianguka, ko, ko, mpaka sita, halafu akaingiza mkono kuhesabu na mkono ukatoka na saba. Alihesabu tena. Akahesabu mara ya tatu huku jasho likimtiririka mgongoni.

"Vipi, katibu, zimezaana?" akauliza Diwani Latyr Ngom, akicheka.

"Saba," akasema Ngoné. Angesema nini?

Bibi Penda Sène, diwani wa akina mama wa sokoni, ndiye mwenye birika la chai ukumbini. Akasikia saba, akamimina glasi saba, akaipitisha sinia. Ngoné hakuiangalia sinia. Aliangalia kile kiti cha dirishani, kiti kitupu chenye miguu ya plastiki, na akaiona miguu ile ikipanuka taratibu kwenda nje kama inavyopanuka mtu mnene anapoketi, ikalia kidogo, ikatulia, na ile harufu ya karanga zilizoungua ikaingia tena ijapokuwa hakuna aliyekuwa akikaanga chochote mtaa mzima, na glasi ya saba iliyobaki peke yake kwenye sinia ikaanza kupungua chai, kidogo, tena kidogo, bila mkono, bila mdomo, mpaka povu likabaki chini na glasi ikatoa mlio mdogo kama wa mtu anayemalizia kwa kuvuta.

Bibi Penda naye aliona. Akaiweka sinia chini.

"Wanaounga mkono pampu?" aliuliza Meya.

"Iahirishwe."

"Imeaa..."

"Mheshimiwa, usijibu!" Ngoné alipiga kelele.

"...hirishwa," Meya alimalizia, kisha akashtuka. "Nani kasema? Latyr, si wewe?"

"Mimi? Mkono wangu huu hapa, bado uko juu!"

"Sasa kwa nini umejibu, mzee?" Bibi Penda alinong'ona.

"Mdomo umejibu wenyewe, dada yangu. Miaka kumi na miwili nasema neno hilo. Nikilisikia tu, linatoka."

Wakatazamana. Kisha kila mmoja akakumbuka ana shughuli nyumbani, ukumbi ukabaki mtupu haraka kuliko ulivyowahi kubaki. Hakuna aliyetaka kulizungumza. Watu wetu ni mabingwa wa hilo.

Bibi Penda peke yake alimsubiri Ngoné nje, chini ya ukuta. "Mwanangu, mimi na mama yako tulisukana nywele. Umefanya nini?"

Ngoné akamwambia yote, akilia kwa hasira kuliko kwa hofu.

"Uliweka karanga bila mtu?" Bibi Penda alijishika mdomo. "Ngoné! Umesoma mpaka Dakar, hukusomea hilo?"

"Bibi, miezi mitatu! Miezi mitatu nawabembeleza watu wazima waje kuketi kwenye kiti! Ningefanya nini?"

"Twende kwa Siga."

Siga Ndong anauza mkaa karibu na kituo cha zamani cha treni, na wenye akili hawanunui mkaa tu kwake. Aliwasikiliza huku akijaza magunia, mikono myeusi hadi kwenye viwiko.

"Ulipoiweka, ulisema ni ya nani?"

"Sikusema kitu, bibi."

"Basi amekuja aliyesema ni yake. Wale hawabishi hodi penye mlango wazi." Akafunga gunia. "Na hana ubaya mkubwa, huyo. Kazi yake ni kuzuia tu. Kitu kisifike, kisianze, kisiishe. Amependa kwenu kwa sababu amekuta mnajua kazi hiyo."

Bibi Penda alitaka kucheka, akajizuia.

"Atoke vipi?" Ngoné aliuliza. "Binti yangu anajifungua wakati wowote."

"Barazani, mbele ya wote, mchana huohuo anaokuja. Karanga sita zitakuwa baridi. Yake itakuwa ya moto, kama imetoka mfukoni mwa mtu. Useme ulichofanya, usifiche. Uimenye, uitafune, uiteme kwenye makaa haya." Akampa kijiko kikubwa cha bati chenye makaa matatu. "Utayawasha siku hiyohiyo. Na usimeze, unanisikia? Ukipaliwa, ufe umepaliwa, lakini usimeze. Ukimeza umempa kiti kingine."

"Kiti gani, bibi?"

Siga akamgusa kooni kwa kidole. Alama ya mkaa ilibaki pale.

Siku ya kikao cha sita gari la mafundi lilikuwa limeegeshwa nje ya ukumbi na mabomba juu yake. Walikuwa wamechoka kuitwa na kurudishwa. Fundi mkuu alisema jioni wanaondoka, na mji mwingine unawangoja, na watu wa Mbelaan wasiwapigie simu tena. Soda alikuwa nyumbani, miguu imevimba, kiuno kinamuuma toka alfajiri. Ngoné aliingia ukumbini na makaa yakiwa yamewaka ndani ya kijiko.

"Unatufukizia?" Meya aliuliza.

"Nina neno, Mheshimiwa, kabla ya ajenda." Sauti yake ilikuwa chini. "Kikao cha nne hatukutimia. Karanga ya saba niliweka mimi."

Meya akasimama. "Umeghushi akidi? Wewe, Ngoné? Katibu wangu?"

"Mimi. Nifukuze kesho. Leo niache."

Akaingiza mkono kibuyuni. Nje mwadhini alikuwa bado hajaadhini, jua limesimama, kivuli cha kila kitu kimeingia chini ya kitu chenyewe, na kiti cha dirishani kikaanza kulia na kupanua miguu, na Ngoné akapapasa karanga baridi, baridi, baridi, akiomba vidole vyake visikosee kwa sababu ukila karanga ya mwenzio umemla mwenzio, mpaka akaigusa moja yenye joto, joto la mwili, na ilipoguswa ikapigapiga ndani ya ganda kama kifaranga kinachotaka kutoka, naye akaivunja haraka kabla ujasiri haujamwisha, akaitia mdomoni, akaitafuna. Ilikuwa na ladha ya majivu.

Kiti kikapasuka miguu yote minne kwa mpigo mmoja. Latyr akarukia dirishani, nusu ya mwili ikawa nje. Kisha pakatulia. Harufu ikaondoka.

Ngoné akainama juu ya makaa ateme. Na Meya, huyu Meya wetu, katika hali ile, akavaa miwani yake, akachungulia kibuyu, akasema, "Sasa tumebaki sita. Akidi hakuna. Kikao kimevunjika."

Wallahi, mtu angeweza kumpiga.

Ndipo mlango ukasukumwa kwa ncha ya mkongojo. Alikuwa Demba Sall, mguu wake umefungwa plasta mpaka gotini, vumbi la barabara ya Kaolack usoni, na akina Sall na akina Faye ni watani tangu mababu.

"Nyie akina Faye, mnavunja kikao saa hizi muwahi sufuria la wali? Mguu mmoja nimekuja, na bado nimewakuta mnatoroka!" Akatoa karanga mfukoni, akaitupa kibuyuni. Ko.

"Tumetimia!" Ngoné alipiga kelele. Furaha ilimtoka kabla hajajua.

Na karanga ikashuka.

Aliisikia ikipita kooni, ya moto, polepole, pale hasa alipoguswa na kidole cha Siga. Alitema mate makaani. Yakaungua, wote wakasikia chsss, Bibi Penda akashukuru Mungu kwa sauti. Ngoné akafungua mdomo aseme. Lakini Meya alikuwa tayari anaisoma hoja, mikono inapanda, mikono saba ya watu wenye nyama na damu, na hakuna sauti yoyote iliyosema kitu. Nje mafundi walikuwa wanashusha mabomba. Akaufunga mdomo. Nani angesimamisha hilo tena? Mimi nisingeweza.

Jioni ile maji yalitoka zahanatini. Siku mbili baadaye Soda alijifungua mtoto wa kike, na Astou Mané alinawa mikono mara nne kwa makusudi ili watu wamwone. Mama mzima, mtoto mzima. Wala Ngoné hakufukuzwa, maana suala lake lilipaswa kujadiliwa na baraza.

Siku ya saba tukaenda kumpa mtoto jina. Uji wa mtama na maziwa ya mgando, mikeka uani, baraza zima limekuja, Demba ameketi kwenye kiti na mguu wake mbele. Soda alitaka mtoto aitwe Penda, na Bibi Penda alikuwa amevaa nguo mpya, amejipaka manukato, machozi tayari. Ngoné aliketi katikati, mjukuu mapajani. Tangu kikao kile alikuwa akizungumza kidogo sana. Tulidhani ni uchovu.

Imamu akanyoa kishungi cha kwanza. Akainama kwenye sikio la mtoto, maana mpaka jina linong'onwe mtoto hajawa wa kwetu, yeyote anaweza kumwita, hata wale wasioonekana.

"Bismillahi," imamu akasema. "Mtoto huyu anaitwa..."

Uani pakanuka karanga zilizoungua. Ngoné aliibana midomo yake kwa mkono, tukamwona, akaibana kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka, anatikisa kichwa. Sauti ikapita tu katikati ya vidole, kavu, isiyo na haraka:

"Iahirishwe."

Na Meya Waly Faye, uji ukiwa mdomoni, kabla yeyote hajamziba mdomo, akajibu:

"Imeahirishwa."