Bibi Harusi Hunyoosha Pindo Mwenyewe

"Mama, hujawahi kunipima. Vipimo vyangu umevitoa wapi?"

Msusi alikuwa mbele ya kioo, ndani ya gauni lake la harusi, na harusi yenyewe ilikuwa kesho. Gauni lilimkaa sawasawa. Hata bega la kushoto, ambalo limeshuka kidogo tangu azaliwe, lilikatiwa kitambaa kwa kushuka kwake.

Mama Pini, mama mkwe mtarajiwa na fundi cherehani mwenye duka, alikuwa amebana pini mdomoni kama kawaida yake. Akazitemea kiganjani.

"Jicho la fundi, mwanangu. Nilitumia patani ya zamani, ile karatasi ya kukatia kitambaa, nikijua nitapunguza hapa na pale."

"Ukapunguza wapi?"

"Sikupunguza popote."

Akajisikia mwenyewe alivyosema. Patani ile ilikatwa kwa ajili ya mtu mmoja tu, rafiki yake wa chanda na pete aliyefungua naye duka hili. Rafiki alikufa humuhumu, kwa umeme wa pasi, siku moja kabla ya harusi yake. Watu wakalia, wakasema ajali. Miezi michache baadaye, Mama Pini akaolewa na bwana harusi yuleyule aliyefiwa, naye akafariki hata mtoto hajazaliwa. Mtoto akaja na sura ya baba yake, cheko la baba yake, hata kugonga mlango mara mbili kama baba yake. Ndiye Kinyozi, anayemuoa Msusi kesho.

Simu ya Msusi ikalia. Ujumbe:

"Mpenzi, nafunga saluni nakuja. Mbona unanitisha? Kuna nini na mama?"

Akajibu: "Wewe njoo tu."

"Nani huyo?" Mama Pini aliuliza.

"Mume wangu."

"Bado hajawa mume wako."

"Kweli, Sindano. Hata mara ile hakuwahi kuwa."

Pini zikamwagika sakafuni. Sindano! Rafiki yake marehemu alimwita jina hilo wakiwa wawili tu, milango imefungwa, wanacheka. Hakuna mwingine duniani aliyelijua.

"Nani kakwambia hilo jina?"

"Hakuna. Nimeliota duka hili tangu mtoto, kabla sijalitia mguu. Na hiki nimezaliwa nacho."

Akafungua kiganja cha kulia. Mstari mweusi ulikikata katikati, pale mkono unaposhika mpini wa pasi.

"Kila mtu ana alama yake ya kuzaliwa," Mama Pini alisema, akicheka cheko lisilofika machoni. "Harusi imekuchosha, mwanangu. Tumalize ukapumzike."

Pasi mpya ilikuwa juu ya meza, haina kasoro. Mama Pini akainama, akatoa nyingine kuukuu chini ya meza, akaichomeka. Akalinyunyizia pindo maji, akanyunyizia tena, mpaka sakafu yote ya saruji ikalowa.

"Vua viatu usichafue. Hapa dukani tuna mila yetu, bibi harusi hunyoosha pindo lake mwenyewe. Ina baraka."

Msusi akarudi nyuma hatua moja.

"Hivyo hivyo ndivyo ulivyoniambia. Maneno yaleyale."

"Shika pasi, mwanangu."

"Shika wewe nione."

Hakuna aliyeshika. Msusi angeweza kukimbia, lakini angekwenda kusema nini, na kwa nani? Wangemwita kichaa. Alitaka neno moja tu litoke kwenye mdomo ule wa pini, na Kinyozi alisikie kwa masikio yake.

Mlango ukagongwa mara mbili.

Kinyozi aliingia na vinywele vya wateja shatini, akavua viatu kizingitini kama alivyolelewa, maana kwenye duka la mama yake hakuna anayekanyaga na viatu karibu na vitambaa.

"Jamani nyinyi! Pasi inawaka, maji kila mahali, mnataka kuunguza gauni?"

Akaja moja kwa moja, pekupeku juu ya maji, mkono umenyooka kuelekea pasi.

Msusi aliuona mkono ule. Aliupenda kuliko kitu chochote. Akauondolea macho, akamtazama Mama Pini, na mdomo wake akaufunga.

"Usiguse!" Mama Pini alipiga ukelele. "Usiguse, mwanangu, itakuua!"

Mkono ukasimama hewani.

"Itaniua? Pasi hii?"

"Nimelegeza waya ndani... Si yako, ni yake!"

"Yake nani? Ya mke wangu?"

"Si mke wako! Ni yule yule! Nilimuua kwa pasi hii hii, amerudi!" Alikuwa ameshapiga magoti kwenye maji. "Mimi ndiye niliyempenda baba yako kwanza. Mimi ndiye niliyemuona kwanza!"

Kinyozi akazima swichi ukutani. Akatoa simu.

"Halo, polisi? Njooni... Njooni dukani kwa mama yangu."

Msusi akashusha pumzi aliyoibeba maisha mawili.

"Twende, mpenzi. Imekwisha."

Kinyozi hakusogea.

"Ulijua ile pasi ina nini?"

"Nilijua."

"Kabla sijaingia?"

"Nilitaka aseme mwenyewe. Usingeniamini..."

"Mama yangu muuaji, nimemsikia. Lakini ndiye aliyepiga kelele." Machozi yalimjaa. "Wewe ulikuwa unamtazama yeye."

"Nakupenda."

"Najua. Kesho usinisubiri."

Akavaa viatu, akatoka kungojea polisi nje, juani.

Msusi alibaki mbele ya kioo, pindo linachuruzika maji. Nyuma yake, Mama Pini alianza kuokota pini sakafuni, moja moja.

"Haya, umelipiza," alisema bila kuinua kichwa. "Hilo gauni sasa utamvalia nani?"