Jina la Mkwe Ndani ya Kompyuta

Enyi wakazi wa Makandana, nanyi wa Masukulu na Mpuguso, tegeni masikio! Katika zama hizi za soko huria, ambapo kila mwenye chumba kinachotazama barabara amefungua biashara, nimeona ni wajibu wangu kulihutubia taifa juu ya ulinzi wa kompyuta. Taifa likiwa na shughuli nyingine, basi nisikilizeni ninyi.

Meshaki na mkewe Atuganile walikuwa na kibanda cha kuchapa maandishi. Kilikuwa na kompyuta moja, printa moja na pazia la kitenge lililotenga stoo. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia migomba, ungewakuta wakinywa chai kwa kikombe kimoja, kwa zamu. Vikombe walikuwa navyo. Yalikuwa mapenzi tu.

Siku moja Meshaki alimkuta mkewe anachapa huku akitabasamu peke yake. Alipomkaribia, Atuganile akafunga haraka alichokuwa akiandika, lakini Meshaki aliwahi kuona jina la faili: BARUA. Ndugu zangu, mwanamume mwenye wivu hahitaji kusoma barua. Huiandika mwenyewe kichwani, akaitia saini ya mwanamume mwingine. Meshaki angeweza kuifungua aisome, ila aliogopa atakachokikuta. Jioni hiyo, mkewe akiwa ameenda kupika, akaifunga kompyuta kwa paswedi, yaani neno la siri.

Kumbe yalikuwa maombi ya chuo cha ualimu, pamoja na insha ndefu ambayo Atuganile aliiandika kwa wiki kadhaa, kati ya mteja na mteja. Hakumwambia mumewe, kwa kuogopa kuchekwa akikataliwa. Kesho yake umeme ulikatika, ukakaa huko ulikokwenda. Uliporudi, ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea maombi, na Meshaki alikuwa njiani kwenda Kyela kununua mchele.

Atuganile akawasha kompyuta, nayo ikamdai neno la siri. Akakimbilia chumba cha pili kuomba simu ya Nelson kinyozi, akampigia mumewe.

"Umefunga kompyuta?"

"Nimeilinda," Meshaki akajibu. "Wataalamu wanashauri."

"Nipe hilo neno, tafadhali. Nina kazi ya kuwahi basi la mchana."

"Kazi, au barua?" Akacheka kicheko kikavu. "Ni jina la baba. La nyumbani, si la ubatizo. Andika tu, mke wangu."

Ninyi mliozaliwa huku mnajua: mkamwana hatamki jina la baba mkwe, wala hakai naye chumba kimoja. Atuganile alilisikia jina hilo siku ya harusi, na tangu hapo halijapita mdomoni mwake. Meshaki alilijua hilo. Ndiyo maana alilichagua.

"Niambie mimi, niandike," Nelson akasema, akimfuata hadi kwenye kompyuta.

"Kukuambia ndiko kulitaja."

"Basi andika mwenyewe, dada. Kidole hakina mdomo."

Atuganile akaweka kidole juu ya herufi ya kwanza. Akilini aliona ubao na chaki, na watoto wakisimama kumwamkia. Kisha akamwona baba mkwe wake, mzee Ezron, ambaye kila mvua ikinyesha hupita njia ya tope ili yeye, na ndoo yake kichwani, apite njia nzuri bila kukutana naye. Akaondoa kidole.

"Siwezi, Nelson. Acha chuo kinipite."

Nelson alitoka mbio hadi nyumba ya nyuma, akarudi na mzee Ezron mwenyewe. Atuganile akajitupa nyuma ya pazia.

"Litaje tu, mzee, mimi nitaandika."

"Jina nililopewa na bibi yangu siligawi kwa vinyozi. Nionyeshe herufi." Akainama. "Mbona zimetawanyika hivi? Nani amezimwaga?"

Nyuma ya pazia Atuganile aliuma khanga asicheke.

"Nelson! Naandika jina, naona nyota."

"Zinakuficha, mzee."

"Zinanificha kwa nani? Mwenyewe nipo hapa."

Mara ya kwanza alikawiza kidole, herufi moja ikazaa wenzake saba, kompyuta ikamkataa. Mara ya pili ikafunguka. Mzee akageukia mlango, asitazame upande wa stoo.

"Nelson, mwambie mkamwana wangu kwamba mwenye jina ameliandika mwenyewe. Yeye hana kosa. Sasa awahi basi lake."

Maombi yakachapwa, bahasha ikawahi basi.

Jioni, aliporudi kutoka Kyela, Meshaki aliifungua BARUA. Mstari wa tatu ulisema: *Nimeolewa, na mume wangu ni mtu mwema. Nikimweleza, najua atafurahi.* Akausoma tena. Alipoinua macho, baba yake alikuwa mlangoni.

"Binti yule amelitunza jina langu kama kaa la moto la kuazima," mzee akasema. "Wewe umelifanya kamba ya kumfungia."

Meshaki alikwenda nyumbani, akamkuta mkewe akimenya ndizi. Akachukua kisu, akakaa kando yake.

"Ulidhani nini?" Atuganile akauliza.

"Upumbavu. Nisamehe."

"Menya vizuri basi, unatupa ndizi pamoja na maganda."

Chuo kilimkubali. Meshaki ndiye aliyembebea sanduku hadi stendi.

MAFUNZO

Ndugu msomaji, weka paswedi ili kumzuia mwizi wa kazi za wateja, usiiweke kumzuia mwenzako. Usitumie jina la mzazi, maana watu wa nyumbani wanalijua. La moyoni liulizwe kwa mdomo, nalo lijibiwe kwa mdomo: wangefanya hivyo hawa wawili, nisingekuwa na hadithi. Heshima ya mtu isigeuzwe silaha ya kumpigia. Mwisho, usiandike neno la siri mbele ya mtu yeyote, hata awe mwadilifu kiasi gani…

Nilipofika hapa kuchapa, mlango wa kibanda ulifunguliwa. Alikuwa Atuganile, amekuja likizo.

"Shemeji, hii kompyuta niliifunga jana kwa paswedi yangu mpya. Umeingiaje?"

Nikaanza kumweleza juu ya elimu pana tunayopewa shule ya bweni. Akanitazama kama mwalimu aliyekwisha kuhitimu. Basi, nakiri: nilichungulia begani kwake, nikijifanya natafuta kalamu.